Uwanja Unajaa, Uchumi Umedorora: Je, Klabu Iko Salama?

Swali: Mimi ni mwanachama wa klabu ya soka na hivi karibuni nimechaguliwa kuingia kamati ya mashabiki. Uchumi umedorora na watu wengi wamepoteza kazi, lakini mechi zetu za nyumbani bado zinajaza uwanja. Mwenyekiti anasema mahudhurio ndiyo kipimo cha afya ya klabu, kwa hiyo tuondoe wasiwasi. Baadhi ya wenzangu wanataka viingilio vishushwe sasa, kabla watu hawajaanza kupungua. Nani yuko sahihi?

Jibu: Ndugu yangu, mwenyekiti wenu amekosea, na wenzako wamepatia nusu. Nitaanza na mwenyekiti, kwa sababu kosa lake limezika klabu nyingi.

Uwanja uliojaa unakuambia kwamba mashabiki wanaipenda timu. Haukuambii kama klabu itaweza kulipa mishahara ya mwezi ujao. Itazame Borussia Dortmund ya Ujerumani, msimu wa 2004/05. Uwanja wao ulikuwa ukipokea wastani wa watu zaidi ya 70,000 kwa mechi, idadi ambayo klabu chache mno duniani zimewahi kuifikia. Klabu hiyohiyo ilikuwa imeuza hisa zake sokoni mwaka 2000, ikazimaliza fedha zile kwa wachezaji wa bei kubwa, kisha ikauuza uwanja wenyewe kwa mfuko wa wawekezaji na kuanza kuulipia pango. Mambo yalibana kiasi kwamba mahasimu wao Bayern München waliwahi kuwakopesha euro milioni 2. Tarehe 14 Machi 2005 wawekezaji wa mfuko ule walikutana katika uwanja wa ndege wa Düsseldorf kupiga kura kama wakubali mpango wa kuiokoa klabu. Wangekataa, Dortmund ingefilisika. Majukwaa yalijaa kabla ya kura ile na yakajaa baada yake.

Sasa tuje kwenye mdororo wenyewe. Watu hudhani uchumi ukianguka, majukwaa hukauka. Uingereza, ambako idadi za watazamaji zimehifadhiwa kwa miaka mingi, haionyeshi hivyo. Msimu wa 1948/49, nchi ikiwa bado inajikwamua kutoka vitani na bidhaa nyingi zikiuzwa kwa mgawo, mechi za ligi ziliingiza watu zaidi ya milioni 41. Miongo miwili iliyofuata watu walizidi kupata kazi, magari na televisheni, na mahudhurio yakazidi kushuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mdororo mkali ulipoacha zaidi ya watu milioni 3 bila kazi, idadi iliporomoka zaidi, na msimu wa 1985/86 ikafika takriban milioni 16.5. Lakini hapo uchumi haukuwa peke yake. Kulikuwa na vurugu za mashabiki, viwanja vichakavu, na maafa ya mwaka 1985: moto katika uwanja wa Bradford, na ukuta ulioporomoka katika uwanja wa Heysel kule Ubelgiji. Kisha ukaja mdororo mwingine, wa mwaka 1990 hadi 1992, na safari hii mahudhurio yalipanda, kwa kuwa viwanja vilikuwa vinakarabatiwa na familia zilianza kurudi.

Lizingatie hilo la mwisho, maana katika miaka hiyohiyo ya mahudhurio kupanda, klabu ya Aldershot ilivunjika katikati ya msimu mnamo Machi 1992 na kuondolewa kwenye ligi, na Maidstone United ikafuata Agosti mwaka huohuo. Ligi kwa jumla ilikuwa inapata watazamaji zaidi, huku klabu mbili zikifa kwa madeni.

Kwa nini shabiki haachi kuja mara moja? Familia inapobanwa hukata kwanza matumizi makubwa: gari jipya, safari, ukarabati wa nyumba. Tiketi ya mechi ni ndogo ukilinganisha na hayo, na kwa wengi ndiyo starehe ya mwisho kuachwa. Mwenye tiketi ya msimu alilipa miezi kadhaa kabla hajaachishwa kazi, kwa hiyo kiti chake kitahesabiwa hadi mwisho wa msimu. Ndiyo maana mahudhurio ni dalili inayochelewa. Ukiona yanashuka, tatizo lilishaanza mwaka mmoja au miwili nyuma.

Tena idadi inayotangazwa mara nyingi si idadi ya watu waliopita mlangoni. Katika ligi nyingi, Ligi Kuu ya Uingereza ikiwemo, klabu hutangaza tiketi zilizouzwa au kugawiwa. Mtu aliyebaki nyumbani kwa kukosa nauli bado yumo kwenye hesabu. Kama kamati yako ina haki ya kuomba takwimu, omba idadi ya waliopita kwenye mageti, mechi kwa mechi, uiweke kando ya idadi iliyotangazwa. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo litakalokuambia wangapi hawatanunua tiketi ya msimu ujao. Angalia pia mauzo ya vinywaji, chakula na jezi kwa kila kichwa kilichoingia. Shabiki aliyebanwa huanza kwa kuacha kununua, kisha huacha mechi za ugenini, kisha mechi za vikombe vidogo na za katikati ya wiki, na mwisho kabisa ndipo huachana na mechi ya ligi nyumbani. Wateja wa makampuni hawana subira hiyo. Vyumba vya wageni maalumu hufutwa kwenye bajeti ya kampuni kwa sahihi moja, na viti hivyo vichache huingiza fedha nyingi kuliko wingi wake.

Kuna jambo moja zaidi ambalo takwimu za taifa huficha. Mdororo haupigi kila mji kwa nguvu sawa. Katika miaka ya 1930, miji ya makaa ya mawe ya kusini mwa Wales na ya viwanda kaskazini mwa England iliumia vibaya sana. Merthyr Town ilipoteza nafasi yake kwenye ligi mwaka 1930, na Wigan Borough ilijiondoa Oktoba 1931 msimu ukiwa umeshaanza, matokeo yake yote yakafutwa. Wakati huohuo Arsenal ya London, jiji lililokuwa na viwanda vipya na ajira, ilikuwa ikitwaa mataji, na mnamo Machi 1935 iliingiza watu 73,295 katika uwanja wake wa Highbury dhidi ya Sunderland. Nchi ni ileile, miaka ni ileile. Kwa hiyo kamati yako iache kuuliza uchumi wa taifa uko vipi, iulize mishahara ya watu wanaokuja uwanjani kwenu inatoka wapi. Kama nusu yao wanategemea kiwanda kimoja, hatima ya kiwanda hicho ni habari ya klabu.

Basi kama si mahudhurio, nini huziua klabu? Ni ahadi zilizotolewa uchumi ulipokuwa mzuri.

Klabu ina mapato ya aina tatu kubwa: ya mlangoni, ya haki za televisheni, na ya wadhamini pamoja na biashara. Upande wa pili kuna mishahara, ambayo huandikwa kwenye mikataba ya miaka mitatu, minne au mitano na haishuki kwa sababu uchumi umeshuka. Mapato yanaweza kupungua kwa usiku mmoja, lakini mkataba wa mchezaji unasubiri hadi tarehe yake. Bristol City walilionja hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa daraja la juu na wakawapa wachezaji mikataba mirefu. Wakashuka daraja 1980, wakashuka tena 1981, na kufikia Februari 1982, mdororo ukiwa umepamba moto, klabu haikuwa na fedha za kuwalipa. Ilinusurika kwa sababu wachezaji 8 walikubali mikataba yao ichanwe. Kila ninapoisoma habari hiyo naumia kwa niaba yao. Makosa yalifanywa na viongozi, na waliolipa ni vijana waliokuwa wanacheza mpira.

Televisheni huonekana kama kinga, na kwa sehemu ni kweli, kwa kuwa mkataba huwa wa miaka kadhaa. Lakini kinga hiyo haina nguvu kuliko aliyeitoa. ITV Digital, kampuni ya televisheni ya kulipia, iliahidi klabu za madaraja ya chini ya Uingereza pauni milioni 315 kwa miaka mitatu, na Machi 2002 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi ikiwa bado inadaiwa pauni milioni 178.5. Klabu zilikuwa zimeshasajili wachezaji kwa fedha ambazo hazijaingia. Ujerumani mwezi uliofuata, kampuni ya Kirch iliyokuwa na haki za Bundesliga ilianguka vilevile.

Wadhamini ndio wa kwanza kutikisika. Septemba 2008 pekee, kampuni ya safari za anga ya XL ilifilisika huku jina lake likiwa kifuani mwa wachezaji wa West Ham, na AIG, kampuni ya bima iliyokuwa mdhamini wa Manchester United, ikaokolewa na serikali ya Marekani. Mwisho wa hadithi hizo mbili unatofautiana. Manchester United walipata mdhamini mwingine, Aon, kwa fedha nyingi zaidi. West Ham walipata pigo la pili: mmiliki wao, Björgólfur Guðmundsson, alikuwa mwenyekiti wa benki ya Landsbanki ya Iceland, na benki hiyo ilipoanguka Oktoba 2008 utajiri wake ulikwenda nayo, kisha klabu ikaangukia mikononi mwa wadai wake. Mdororo humchagua mnyonge. Kiangazi cha 2009, dunia ikiwa katikati ya msukosuko, Real Madrid walilipa euro milioni 94 kumsajili Cristiano Ronaldo, na pesa hizo zilizungumzwa kana kwamba soka haliguswi na uchumi. Katika ligi hiyohiyo ya Hispania, Valencia walikuwa wanachelewesha mishahara.

Habari ya Valencia inafaa kusomwa na kila kamati ya mashabiki. Walianza kujenga uwanja mpya wakitegemea kuuza ardhi ya uwanja wa zamani, Mestalla, ulio eneo la thamani mjini. Bei za ardhi na nyumba zilipoporomoka, mnunuzi hakupatikana. Februari 2009 ujenzi ulisimama, na magofu ya zege yakabaki pale kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Mwaka 2010 wakawauza David Villa na David Silva. Mashabiki hawakuwa wameikimbia timu. Viongozi walikuwa wameweka rehani kesho ya klabu kwa bei ya ardhi.

Halafu Portsmouth. Mei 2008 walitwaa Kombe la FA. Februari 2010 wakawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza kuwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, wakiwa na madeni ya takriban pauni milioni 120, huku uwanja wao ukibeba watu 20,000 na ushei tu. Hata wangejaza kila kiti kila wiki kwa miaka, mapato ya mlangoni yasingelifuta deni lile. Walinyang'anywa pointi 9 na kushuka daraja. Kinachonikera hadi leo ni orodha ya wadai. Kanuni za soka la Uingereza zilitaka wachezaji na klabu nyingine walipwe kikamilifu, wakati wadai wa kawaida waliambulia sehemu ndogo tu ya haki yao. Miongoni mwa waliokuwa wakidai walikuwemo St John Ambulance, watoa huduma ya kwanza wa kujitolea wanaowahudumia mashabiki wanaozimia majukwaani. Kwa hiyo mtu akikuambia madeni ya klabu ni mambo ya matajiri, mwambie yanaangukia fundi, mwenye duka na mhudumu wa machela.

Ukitaka ushahidi mpana zaidi, UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilipojumlisha hesabu za klabu za madaraja ya juu Ulaya, hasara ya mwaka 2011 ilifika euro bilioni 1.7. Mapato ya klabu hizo yalikuwa yanaongezeka miaka yote hiyo ya msukosuko. Mishahara na ada za usajili ndivyo vilivyokuwa vinakimbia mbele ya mapato. Kanuni za kubana matumizi zilipoanza kuuma, hasara zilishuka haraka, bila uchumi wa Ulaya kuwa umepona sawasawa. Mimi hilo nalichukua kama jibu la kutosha kwa mwenyekiti wako.

Sasa wenzako na viingilio. Uwanja wenu unajaa. Kupunguza bei kwa kila mtu wakati hakuna kiti kilicho wazi ni kutoa fedha bila kupata mtu hata mmoja wa ziada. Chukua mfano wa kufikirika: watu 10,000 wanalipa 10 kila mmoja, mnapata 100,000. Mkishusha hadi 8, mtahitaji watu 12,500 ili mpate kilekile, na viti hivyo hamna. Hata pale uwanja unapokuwa na nafasi, tafiti za wachumi zimeonyesha mara kwa mara kwamba mahudhurio ya soka hayaitikii bei kwa nguvu. Ukipunguza sehemu ya tano ya bei, kwa kawaida ongezeko la watu halifidii. Anayependa timu angekuja kwa bei ya jana, na asiyeipenda haji kwa sababu ni rahisi.

Lakini wenzako wameona kitu cha kweli, nacho ni kwamba kuna wanachama wanaoumia kimya. Hao ndio wa kuwafikiria, na kwao punguzo la jumla ni chombo butu. Kinachomshinda mtu aliyepunguziwa saa za kazi mara nyingi si bei yenyewe, ni kulipa tiketi ya msimu kwa mkupuo. Mruhusuni alipe kwa awamu, na klabu ibebe gharama ya kusubiri, isimtume kwa mkopeshaji mwenye riba. Aliyepoteza kazi aweze kukisimamisha kiti chake kwa msimu mmoja bila kukipoteza, na klabu iuze nafasi hiyo mechi kwa mechi. Msipandishe bei mpaka hali itulie, na mlitangaze hilo mapema. Na mpango wowote wa msaada usimlazimishe mtu kupanga foleni ya peke yake dirishani au kuonyesha barua ya kuachishwa kazi mbele ya majirani zake. Ataona aibu, na hatarudi hata akipata kazi.

Watoto wapeni bei ya chini kabisa mnayoweza. Hapa ningekuwa tayari kupoteza fedha. Mazoea ya kwenda uwanjani hujengwa utotoni, na mzazi anayeacha kumleta mtoto kwa misimu mitatu anaweza kuwa amewapotezea mashabiki wawili kwa miaka 40. Klabu za Uingereza zilizopoteza familia katika miaka ya 1980 zilihitaji viwanja vipya na karibu kizazi kizima kuwarudisha.

Kuna mtego mmoja ambao lazima muukatae mapema. Klabu ikikosa fedha taslimu, mtu atakuja na pendekezo la kukopa kwa dhamana ya mauzo ya tiketi za misimu ijayo. Leeds United walikopa pauni milioni 60 mwaka 2001 kwa mtindo huo, wakitegemea kucheza Ligi ya Mabingwa kila mwaka. Hawakufuzu. Wakauza wachezaji wao bora mmoja baada ya mwingine, wakashuka daraja 2004, na Mei 2007 wakawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Mashabiki wao walikuwa wamewekwa rehani bila kuulizwa.

Katika kamati, basi, omba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Zikichelewa kutolewa, hiyo tayari ni taarifa. Anza na mishahara: inakula kiasi gani cha mapato? Muda mrefu UEFA imekuwa ikichukulia asilimia 70 kama mstari wa tahadhari, na mimi sioni sababu ya kuulegeza wakati wa mdororo. Kisha soma maelezo ya mkaguzi mwishoni, usiyaruke, utafute kama ameonyesha shaka kwamba klabu itaendelea kuwepo miezi 12 ijayo. Tazama kodi ya mishahara na michango ya hifadhi ya jamii ya wafanyakazi kama inalipwa kwa wakati. Klabu inayozama huacha kulipa kodi kabla ya kuacha kulipa wachezaji, kwa kuwa mamlaka ya kodi haigomi Jumamosi. Uliza ada za usajili zinazodaiwa kwa awamu, zinaiva lini na ni kwa sarafu gani. Klabu za Uingereza zilizokuwa na malipo ya euro ziliumia mwishoni mwa 2008 pauni iliposhuka thamani, hata zile ambazo hazikuwa zimesajili mtu mpya.

Na swali kubwa kuliko yote ni nani anayefidia pengo. Ikiwa klabu hupata hasara kila mwaka na mmiliki huingiza fedha zake kuifunika, jua kama anazitoa kama mtaji au kama mkopo, na kama ni mkopo anaweza kuudai lini. Biashara zake nyingine ziko katika sekta gani? Kama ni ujenzi, benki au usafiri, mdororo utamfikia yeye kabla haujawafikia mashabiki, na siku atakayojitoa hakuna kiingilio kitakachoziba nafasi yake.

Mwenyekiti akikataa kuonyesha hesabu, msisubiri mgogoro ndipo mjipange. Mashabiki wa Portsmouth waliinunua klabu yao Aprili 2013, ikiwa imeshawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi mara ya pili, na waliweza kwa sababu walikuwa na umoja uliosajiliwa kisheria, wenye wanachama waliokwisha kuahidi michango. Sajilini wenu sasa, wakati uwanja bado umejaa na kila mnayemhitaji anapatikana pale kila wiki ya mechi.